Presha ya mgonjwa mahututi isisubiri asubuhi

Mgonjwa anayefikishwa hospitali ya Temeke au Mwananyamala usiku akiwa hoi, viganja vya baridi, jasho likimtiririka, anahitaji kwanza mkanda wa presha ufungwe mkononi, namba isomwe na mtu achukue hatua.

Ushahidi upo hapa hapa jijini. Katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali ya Muhimbili uliwekwa utaratibu mwepesi: presha, mapigo au upumuaji ukivuka kiwango cha hatari, wahudumu wanaanza tiba papo hapo. Kwa matokeo yaliyochapishwa 2015, vifo kwa jumla havikupungua kwa kiasi cha kutamba. Lakini miongoni mwa waliolazwa presha ikiwa chini, vilishuka kutoka asilimia 92 hadi 69. Hao waliookolewa ni baba na mama zetu waliorudi nyumbani.

Kupima nako kuna ufundi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko hali halisi, na presha iliyoporomoka ikaonekana salama. Namba ya juu ikishuka chini ya 90, kusubiri mzunguko wa madaktari wa asubuhi ni kumwacha mtu afe.

Tunaitaka Wizara ya Afya ihakikishe kila wodi ina mikanda ya saizi zote, betri, na wauguzi wa kutosha zamu ya usiku; hili la wauguzi ndilo zito zaidi. Zahanati za Mbagala na Kimara nazo ziandike presha na saa iliyopimwa kwenye barua ya rufaa. Nanyi ndugu wa mgonjwa, ulizeni namba. Ni haki yenu.