Kidonge Kimoja, Dawa Mbili: Majibu kwa Wanaokimeza Ovyo

Karibu kila duka la dawa lina kidonge cha pua inayochuruzika, chafya mfululizo na macho yanayowasha. Wengine hukiita dawa ya mafua, wengine dawa ya aleji. Kwa macho ni kidonge kimoja, lakini ndani mna dawa mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni antihistamini. Hii huzuia kazi ya histamini, kemikali ambayo mwili wa mwenye mzio huimwaga ukikutana na chavua au vumbi. Ya pili ni ya kuzibua pua, mara nyingi pseudoefedrini, ambayo hukaza mishipa midogo ya damu iliyovimba puani ili hewa ipite. Karibu kila dai potofu linalosemwa juu ya kidonge hiki linatokana na kuikumbuka moja na kuisahau nyingine.

Tuanze na dai jepesi. "Mafua yangu yana miezi miwili, hayasikii dawa." Hayo si mafua. Mafua ya virusi kwa kawaida hujiishia ndani ya siku 7 hadi 10, mara nyingine yakiambatana na homa au koo kuuma. Mzio hauna homa. Makamasi yake ni mepesi kama maji, pua na kaakaa huwasha, chafya huja tano sita kwa mkupuo, na hali hiyo hurudi kila msimu fulani au kila ukishika ufagio. Nairobi lawama hutupiwa mijakaranda, kwa kuwa ndiyo inayoonekana ikitandaza zambarau barabarani. Mti huo umesingiziwa: chavua yake hubebwa na nyuki, ilhali chavua ya nyasi, ambazo hakuna anayezipiga picha, ndiyo inayosafiri na upepo. Arusha wana gugu karoti, mmea vamizi unaosumbua ngozi na pua za watu pamoja na mashamba yao. Na kuna ambaye adui yake yumo ndani ya godoro, utitiri wa vumbi, hivyo anaumwa mwaka mzima bila kujali mvua wala kiangazi. Kujua unaumwa nini kunakuonyesha ni nusu ipi ya kidonge unayoihitaji, na kwa muda gani.

Dai la pili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote: "Nina presha, ila nakunywa dawa zake kila siku, kwa hiyo hakuna shida."

Pseudoefedrini haijui kwamba umeimeza kwa ajili ya pua. Huingia kwenye damu na kukaza mishipa ya mwili mzima, na moyo nao huongeza mwendo. Wanaotetea dai hili wana ushahidi kidogo, na haki ni kuutaja: uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba namba ya juu ya presha hupanda kwa wastani wa takriban 1 tu, na mapigo ya moyo kwa karibu 3 kwa dakika. Ukiishia hapo utasema tumetishana bure. Lakini wastani huficha watu. Kuna ambaye presha yake haitikisiki na kuna ambaye inaruka, na hakuna ajuaye yeye ni yupi mpaka ameshameza. Tena wagonjwa wa presha waliomo kwenye tafiti hizo walikuwa wanajulikana na wamedhibitiwa. Mitaani kwetu wapo wengi wenye presha ambao hawajawahi kufungwa kile kitambaa cha kipimo mkononi, na hao ndio wanaokuja dukani wakisema kwa uaminifu kabisa kwamba hawana ugonjwa wowote.

Mwishoni mwa 2023 kamati ya usalama wa dawa ya Shirika la Dawa la Ulaya ilimaliza kuichunguza pseudoefedrini kutokana na matukio machache, lakini mazito, ya mishipa ya ubongo kujikaza ghafla au ubongo kuvimba. Ikapendekeza kwamba asiitumie mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, wala mwenye ugonjwa mkali wa figo. Ufaransa ikaenda mbali zaidi: tangu Desemba 2024 huipati huko bila cheti cha daktari. Na kwa wale wa jioni za miraa, nayo hupandisha presha na mapigo ya moyo. Kuchanganya viwili hivyo ni kuusukuma moyo kutoka pande mbili kwa usiku mmoja.

Njia ya kutokea ni rahisi, ndiyo maana ubishi huu unachosha. Antihistamini huuzwa peke yake. Loratadini au setirizini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, hutuliza chafya, muwasho na makamasi bila kuigusa presha. Mwenye tatizo la figo au ini aulize kwanza kiasi kinachomfaa. Ikiwa presha yako iko juu, au hujaipima, chukua hiyo na uache yenye mchanganyiko.

"Moja inalaza, nyingine inachangamsha, kwa hiyo zinafutana." Dai hili lina sura ya hesabu, na madereva hulipenda. Hesabu yenyewe haipo. Antihistamini za zamani, kama klofeniramini ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Piriton, au tripolidini iliyomo kwenye Actifed, huingia ubongoni. Huko hazileti usingizi tu. Hupunguza wepesi wa kuamua na wa kukanyaga breki, na mtu anaweza kuwa macho makavu huku umakini wake umeshuka bila mwenyewe kujua. Pseudoefedrini huongeza mapigo na kukukosesha usingizi, lakini haikurudishii umakini ulioporwa. Basi dereva wa bodaboda aliyekimeza usiku anaweza kukesha akigeukageuka kitandani, kisha asubuhi akapanda pikipiki na mabaki ya klofeniramini kichwani. Ukiongeza bia, mambo huharibika zaidi. Anayeishi kwa usukani achague antihistamini za kizazi kipya: feksofenadini na loratadini hazileti usingizi kwa watu wengi, setirizini huwalaza baadhi. Dozi ya kwanza, yoyote iwayo, imezwe siku ambayo huendeshi.

Sasa, "hiki hakijanisaidia, ngoja niongeze kile kingine." Geuza kasha usome viambato, si jina kubwa la mbele. Mtu mzima hapaswi kuzidisha miligramu 240 za pseudoefedrini kwa saa 24. Vidonge vingi vya kutoa dawa polepole vina miligramu 120 na humezwa viwili kwa siku. Umeshafika ukomo. Dawa yoyote ya mafua utakayoiongeza juu yake, ikiwa nayo ina neno linaloanza na "pseudo", inakuvusha. Vidonge hivyo pia visivunjwe wala kutafunwa, maana vimetengenezwa viachie dawa kwa saa 12, na ukivitafuna unaipata yote kwa mkupuo.

Kuna mtego mwingine humohumo. Vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa kwetu vina kiungo cha tatu, parasetamoli. Mtu anameza viwili kwa pua, anaongeza Panadol mbili kwa kichwa, halafu usiku anakunywa unga wa mafua uliokorogwa kwenye maji ya moto. Kila kimoja peke yake hakina neno. Vikijumlishwa, gramu 4 kwa siku, ambazo ndizo mwisho kwa mtu mzima, hupitwa bila mtu kuhisi chochote, na linaloumia ni ini. Mwenye mzio wa kawaida hana homa wala maumivu ya mwili. Parasetamoli ya nini?

Wapo pia wanaosema dawa zote za kuzibua pua ni sawa, chukua ya bei nafuu. Hapa kuna kisa cha Marekani kinachofaa kusimuliwa. Pseudoefedrini inaweza kugeuzwa kuwa methamfetamini, dawa ya kulevya, kwa hiyo sheria iliyoanza kutumika huko mwaka 2006 iliiondoa kwenye rafu za wazi na kuiweka nyuma ya kaunta. Watengenezaji hawakutaka kupoteza rafu. Wakabadilisha kiungo na kuweka fenilefrini, kasha likabaki linafanana na la awali. Watu waliimeza kwa miaka. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, lilipiga kura 16 kwa 0 kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua katika dozi inayouzwa, kwa kuwa sehemu kubwa yake huvunjwavunjwa mwilini kabla ya kufika inakotakiwa. Novemba 2024 FDA ikapendekeza iondolewe kwenye orodha ya dawa za kuzibua pua zinazomezwa bila cheti. Fenilefrini imejaa kwenye makasha ya mafua ya Afrika Mashariki pia. Haikugeuka kuwa sumu kwa sababu ya kura hiyo. Ila ukiikuta nyuma ya kasha, jua kwamba unachokifaidi ni ile antihistamini, na hiyo ungeweza kuinunua peke yake.

"Nitakitumia msimu wote." Antihistamini, ndiyo, inaweza kutumika wiki nyingi mfululizo. Ya kuzibua pua ni ya siku chache, zile ambazo pua imeziba kabisa na hulali. Anayezibwa pua mwezi mzima anahitaji dawa nyingine: ya steroidi ya kupulizia puani, kama beklometasoni, flutikasoni au mometasoni. Hiyo ndiyo dawa yenye nguvu zaidi kwa mzio wa pua unaodumu, na ndiyo inayokimbiwa kwa sababu ya neno steroidi. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, maana dozi ni ndogo na hubaki zaidi puani. Tatizo la kweli ni subira, kwani hufanya kazi taratibu kwa siku kadhaa, na mtu akipuliza mara mbili bila kuona ajabu anaitupa. Ipulize kila siku, ukielekeza ncha upande wa nje wa pua na si kwenye ukuta wa katikati. Usiichanganye na Otrivin na jamaa zake, ambazo huzibua ndani ya dakika chache na kukulipisha deni baadaye: ukipitisha siku tano hivi, pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe.

Na lile la kwamba kinachouzwa bila cheti kinamfaa kila mtu? Kidonge hiki hakimfai mtoto. Chini ya miaka 6 asipewe mchanganyiko huu kabisa, na vidonge vya kutoa dawa polepole kwa kawaida ni vya kuanzia miaka 12. Mjamzito aiepuke pseudoefedrini, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Anayenyonyesha ajue kwamba katika utafiti mdogo wa mwaka 2003 dozi moja ya miligramu 60 ilipunguza maziwa kwa karibu robo katika saa 24 zilizofuata. Mzee mwenye tezi dume iliyokua anaweza kushindwa kukojoa, kwa maana nusu zote mbili za kidonge humkaba hapohapo. Mwenye presha ya macho asiiguse bila daktari. Vivyo hivyo mgonjwa wa moyo, au aliyewahi kupata kiharusi.

Kuna kundi moja halitajwi sana nalo liko kwetu hasa: wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Dozi zao za siku hizi mara nyingi huwa na linezolidi, na linezolidi ikikutana na pseudoefedrini inaweza kupandisha presha kwa kiwango cha hatari. Kidonge cha mafua cha dukani, kwa mtu huyo, si jambo dogo. Katazo ni hilohilo kwa anayetumia zile dawa za mfadhaiko zinazozuia kimeng'enya cha monoamini oksidezi, hata wiki mbili baada ya kuziacha.

Wanariadha nao wasikilize. Andreea Răducan wa Romania alipokonywa dhahabu yake ya jimnastiki kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kwa sababu ya pseudoefedrini iliyokuwa kwenye kidonge cha mafua alichopewa na daktari wa timu. Leo dawa hiyo imezuiwa siku ya shindano ikizidi mikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo. Mkimbiaji wa Iten mwenye aleji ameze antihistamini tupu na aachane na mchanganyiko.

Nimebakiza dai la upande wa pili, la wale wanaosema haya yote yanathibitisha kwamba ni heri kuvumilia. Sikubali. Mzio usiotibiwa hunyima usingizi, humharibia mtoto masomo, na kwa mwenye pumu huichokoza pumu. Kwa mtu mzima ambaye presha yake imepimwa na iko sawa, hana magonjwa niliyoyataja wala dawa zinazogongana nacho, kidonge cha mchanganyiko kwa siku tatu nne za pua iliyoziba ni matumizi halali kabisa. Akimeze asubuhi, asikimeze jioni akakesha.

Lakini ukiisha kukimeza, kichwa kikakupasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, macho yakaona ukungu, ukachanganyikiwa, kifua kikabana au mapigo yakaenda mbio bila kutulia, usimeze kingine wala usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo, na lile kasha ulibebe mkononi ili daktari asome mwenyewe ulichokula.