Onyo la Kidonge Kwenye Boksi la Krimu

Mama wa miaka sitini anafungua boksi la krimu ya estrojeni aliyoandikiwa kwa ukavu ukeni. Ndani mna tyubu, kifaa cha kuingizia dawa, na karatasi iliyokunjwakunjwa. Anapoikunjua anakutana na maandishi yaliyozungushiwa mstari mweusi: saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda. Anarudisha vyote na kulificha boksi nyuma ya droo. Nchini Marekani, onyo hilo limewatisha wanawake kwa zaidi ya miaka 20, na kwangu mimi hiyo ni dhuluma.

Lilianzia kwenye dawa nyingine. Mwaka 2002 ulisitishwa utafiti wa wanawake 16,608, takriban nusu yao wakimeza kila siku vidonge vya estrojeni na projestini. Madhara yalionekana, ndiyo. Lakini mwaka uliofuata onyo likawekwa kwenye dawa zote za estrojeni, hata zile za ukeni ambazo utafiti ule haukuzigusa. Kidonge cha kuweka ukeni kina mikrogramu 10 tu, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno.

Wakati huohuo tatizo halingoji. Joto la ghafla la kukoma hedhi kwa wengi hupungua lenyewe. Lakini ukavu wa uke huzidi miaka ikisonga. Ngozi ya uke hupungua unene, bakteria walinzi hutoweka, tendo la ndoa linauma, na maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) yanajirudia. Watafiti Raz na Stamm walionyesha mwaka 1993 kwamba waliotumia krimu ya estrojeni walipata maambukizi hayo kwa wastani wa mara 0.5 kwa mwaka, wenzao wasioitumia mara 5.9. Hiyo si dawa ya anasa.

Uingereza iliruhusu mwaka 2022 vidonge vile vya kuweka ukeni viuzwe famasi bila cheti cha daktari, kwa wenye miaka 50 na zaidi waliomaliza mwaka mzima bila hedhi. Wapo wanaohofia kwamba saratani itapita bila kuonekana. Hofu hiyo ina msingi: damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, nenda hospitali kwanza, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze na daktari wake. Lakini hayo mfamasia anaweza kuyauliza dirishani.

Novemba 2025 Marekani ilitangaza kuliondoa onyo lile. Nawe mama, ukiandikiwa antibiotiki za UTI kwa mara ya tatu mwaka huu, usione haya: mwambie daktari kwamba hedhi imekoma, umuulize kuhusu krimu.