Mzigo Achunge Abiria, Nauli Achunge Nani?

Maandishi ya Kiswahili ambayo abiria wa Kenya ameyazoea zaidi ndani ya gari la umma ni onyo la maneno manne: Abiria chunga mzigo wako. Onyo hili limebandikwa juu ya vioo, limechorwa kwenye milango na kukaririwa na utingo kwa miaka mingi hata limekuwa kama sehemu ya gari lenyewe. Yafaa mwanafunzi wa Kiswahili alitazame tena. Linamweleza abiria wajibu wake, na kwa kufanya hivyo linamwondolea mwenye gari wajibu wa kupotea kwa mzigo. Aghalabu hakuna kando yake maandishi mengine, kwa Kiswahili hichohicho, yanayomweleza abiria huyo nauli ni kiasi gani, gari litaondoka saa ngapi, au amlalamikie nani akidhulumiwa. Kiswahili kimepewa kazi ya kumwonya abiria. Kazi ya kumpasha habari bado hakijapewa.

Upungufu huo huonekana waziwazi mbali na miji mikubwa. Magwagwa ni wadi katika eneo bunge la Mugirango Kaskazini, kaunti ya Nyamira, upande wa bonde la mto Sondu. Wakazi wake wengi ni Abagusii, na majirani zao ni Wakipsigis na Wajaluo. Mtu anayetoka huko ana njia mbili kuu: aelekee Ekerenyo na Nyamira mjini, au ateremke Sondu, mji ulio mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, apate gari katika barabara kuu ya Kisumu na Kisii. Sehemu ya kwanza ya safari aghalabu ni ya bodaboda, au ya gari dogo aina ya Toyota Probox ambalo katika nchi ya Gusii limegeuka kuwa basi la kijiji. Basi la kaunti halipo. Mwanafunzi anayerudi chuoni, mkulima mwenye mkungu wa ndizi na mama mjamzito anayekwenda kliniki wote humtegemea mtu binafsi mwenye gari.

Wako wanaodai kwamba usafiri huu hauna mpango wowote. Dai hilo si sahihi. Matatu zina mpango, tena wenye ngazi nyingi. Mwenye gari hujiunga na chama cha ushirika, au Sacco kama kinavyoitwa na wote, kwa kuwa bila chama au kampuni hapati leseni. Chama huweka watu stendini wanaopanga zamu: gari lililotangulia kufika ndilo linalotangulia kupakia, na haliondoki mpaka lijae. Mpiga debe huita abiria na kulipwa kwa kila gari analolijaza. Dereva na utingo, nao, hutakiwa kumfikishia mwenye gari kiasi fulani cha fedha kila jioni, na kinachobaki baada ya mafuta na ada mbalimbali ndicho riziki yao. Ukitafuta asili ya mwendo wa kasi, ya kujaza watu kupita kiasi na ya nauli kupanda mvua inyeshapo au shule zinapofunguliwa, utaikuta hapo katika fedha za jioni. Tabia mbaya ya dereva ni sababu ndogo tu. Hata waliotunga kanuni za 2003 walilijua hilo, ndiyo maana walitaka wahudumu waajiriwe rasmi na kulipwa mshahara wa mwezi. Mikanda ya usalama ilionekana, vidhibiti mwendo vilifungwa, mchirizi wa manjano ukachorwa. Mshahara wa mwezi, ambao ndio ungebadilisha mengi, ulisahaulika upesi kuliko vyote.

Basi mpango upo. Kasoro yake ni kwamba unajulikana na kila mtu stendini isipokuwa yule anayeugharamia.

Hali hiyo ni kinyume kabisa cha jina lenyewe. Inakubalika na wengi kwamba matatu lilipata jina lake kutokana na nauli: mapeni matatu, yaani senti thelathini, ambayo abiria wa Nairobi alilipa katika siku za mwanzo za magari hayo. Tanzania nako daladala lilitokana na dala, sarafu ya shilingi tano. Bodaboda pekee lilichukua jina la njia, yaani safari za kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda. Jamii mbili jirani, kila moja kwa wakati wake, zililiita gari kwa bei yake, na haikuwa sadfa tupu. Abiria alikuwa na hakika na jambo moja hata asipojua gari ni la nani: alijua atatoa sarafu ngapi. Leo jina limebaki na hakika imetoweka.

Historia ya sheria inaeleza kwa nini. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni iliyotakiwa kwa mabasi, na usafiri ukawafikia wananchi wengi ambao kampuni za mabasi hazikuwafikia. Hiyo ilikuwa neema, na asiyeikiri hawatendei haki wenye matatu. Sheria ya 1984 ilizitambua rasmi. Mabasi ya Nyayo, yaliyoanzishwa na serikali mwaka 1986, hayakudumu hata miaka kumi na mitano. Kisha zikaja kanuni za waziri John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004. Mwaka 2012 ikatungwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), na kanuni za 2014 zikalazimisha magari yawe chini ya vyama au kampuni zenye magari yasiyopungua 30. Mwaka huohuo serikali ilijaribu kuondoa malipo ya fedha taslimu, abiria alipe kwa kadi. Jaribio hilo lilianguka. Katika miongo yote hiyo sheria ilishughulika na gari, dereva, utingo na sare zao. Suala la nauli liliachwa kwa wenye magari. Na sheria zenyewe zilitungwa na kuchapishwa kwa Kiingereza, katika Gazeti Rasmi ambalo halisomwi stendini.

Tanzania ilifuata njia nyingine, nayo yastahili kuangaliwa bila kuitukuza kupita kiasi. Huko nauli za mabasi na daladala huwekewa kikomo na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya 2019 kurithi kazi za SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu. Kikomo hutangazwa kwa Kiswahili. Desemba 2023, kwa mfano, nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka shilingi 500 hadi 600, na wananchi walizisikia tarakimu hizo redioni kabla hazijaanza kutozwa. Je, makondakta wote hutii? La hasha. Lakini abiria anayetozwa zaidi huingia katika ubishi akiwa na tarakimu mkononi, na utingo anajua kwamba anaijua. Abiria wa Magwagwa huingia katika ubishi huohuo mikono mitupu. Hana la kusema ila kwamba jana alilipa pungufu, na jibu la utingo ni kwamba jana si leo.

Yamkini mwenye gari atauliza: bei ya mafuta ikibadilika kila mwezi, nauli itaandikwaje ubaoni? Swali hilo ni halali, lakini linajijibu. Kenya imekuwa ikiweka bei kikomo za petroli na dizeli tangu Desemba 2010, na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei mpya katikati ya kila mwezi, mji kwa mji, hadi senti. Dereva anayesimama kwenye kituo cha mafuta analindwa na bei iliyotangazwa. Akishakanyaga mafuta na kuondoka, abiria aliye nyuma yake hana ulinzi wa namna hiyo, ingawa mafuta ni yaleyale. Ikiwa bei ya lita moja inaweza kubadilishwa ubaoni kila mwezi, bei ya safari nayo inaweza.

Nani basi aandike? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaitaja serikali ya kaunti. Miongoni mwa majukumu iliyopewa ni barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Usalama barabarani na barabara kuu za kitaifa zilibaki kwa serikali kuu. Katika utekelezaji, leseni hutoka NTSA, na kaunti hujitokeza hasa kwa karani wa stendi anayekusanya ada. Ni kweli kwamba Nyamira peke yake haiwezi kupanga safari inayoanzia Magwagwa na kuishia Kisumu. Lakini safari ya Magwagwa hadi Ekerenyo haivuki mpaka wowote, na ada inayotozwa stendini haipungui kwa sababu mamlaka yamegawanyika. Aidha, Kifungu cha 46 cha Katiba hiyohiyo kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nayo, iwe huduma imetolewa na serikali au na mtu binafsi. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, ubao wa nauli wa Kiswahili ni haki ya abiria. Hauwi hisani ya mwenyekiti wa chama.

Hapa ndipo wanataaluma wa Kiswahili wanapopaswa kujitazama. Stendi ni mojawapo ya mahali ambapo Kiswahili hufanya kazi yake kwa ukamilifu. Kule Sondu Mgusii, Mkipsigis na Mjaluo huuziana, hubishana na hupatana kwa Kiswahili bila kuhimizwa na mtu. Wanaisimujamii wamevutiwa sana na hali hiyo. Wameandika kuhusu Sheng ya makanga, majina ya magari na misemo iliyochorwa ubavuni. Wamefuatilia neno manamba, lililowahi kuwahusu vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika waliojulikana kwa namba zao, na ambalo Kenya linamwita mpiga debe. Kazi hizo zina thamani. Hata hivyo, zimemsikiliza zaidi yule anayepaza sauti mlangoni. Abiria aliyeketi kimya akihesabu sarafu hajapata tasnifu nyingi, na kanuni zinazomhusu hazijapata mfasiri wa kuzifikisha stendini.

Tafsiri hiyo ingekuwa kazi ya kufaa sana kwa chama cha wanafunzi. Kanuni za 2014 si ndefu kama riwaya. Zikigawanywa miongoni mwa wanafunzi wa tafsiri, zikapitiwa na wahadhiri wao na kuthibitishwa na wanasheria, serikali za kaunti za Kisii na Nyamira hazingekuwa na kisingizio cha kutozitumia. Ubao wenyewe ungehitaji mistari michache: gari linatoka wapi, linakwenda wapi, nauli ya kawaida, nauli isiyoweza kuzidishwa hata mvua ikinyesha, na nambari ya simu ya ofisi ya kaunti. Msitari mmoja tu ndio utakaowasumbua wafasiri. Kuandika idadi ya viti hakutatosha Magwagwa. Itabidi iandikwe idadi ya watu, kwa kuwa katika Probox kiti kimoja cha mbele huhesabiwa kuwa cha wawili, na mara nyingine mmoja wa hao wawili ni dereva.