Spika: Kuunda Nyumbani au Kununua Dukani?

Akina mama wenzangu, mwaka juzi baba watoto alirudi jioni na spika mbili zisizo na maboksi, amezifunga gazeti kama samaki. Hesabu alikuwa ameshaipiga: spika, ubao, gundi na ujira wa seremala. Alisema tungeokoa nusu ya bei ya sabufa ya dukani. Kwa kuwa fedha zenyewe zilikuwa za sare za watoto, nami nilitaka kujua hesabu hiyo imesimama wapi.

Nilichojifunza ni kwamba kazi kubwa iko kwenye boksi. Spika ikiwa tupu, koni yake inaposukuma hewa mbele huku nyuma inaivuta, na mawimbi hayo mawili yanafutana. Besi inapotea. Boksi ndilo linaloyatenganisha. Mwaka 1954, huko Marekani, Edgar Villchur alionyesha kwamba hewa iliyofungwa ndani ya boksi lisilovuja inaweza kuwa springi ya koni, na boksi dogo likatoa besi nzito. Basi kila spika ina ujazo unaoifaa, na watengenezaji makini huandika vipimo vya kuukokotolea. Zile za ndani ya gazeti hazikuwa na karatasi yoyote.

Baba watoto alikadiria lita 15: sentimita 20 kwa 30 kwa 25. Seremala akakata vizuri kabisa, ila vipimo hivyo akavifanya vya nje. Ubao ulikuwa na unene wa milimita 18 kila upande, kwa hiyo ndani zikabaki lita 9 na kidogo. Mama anayeshona ataelewa mara moja: ni kukata gauni bila kuacha nafasi ya mshono. Tulipowasha, besi ikavuma kwa sauti ile ile moja, wimbo wowote uwekwao.

Tukanunua ubao mwingine. Gundi nyingine. Ujira wa pili. Mwisho wa yote tulikuwa tumeipita bei ya dukani, na sare zikangoja mwezi mzima. Sikunyamaza, nakiri.

Hata hivyo sijutii yote. Kijana wetu, aliyekuwa na miaka 13, alijifunza kuunganisha nyaya kwa risasi, na jioni nyingi alikaa na baba yake wakipima na kubishana. Kwa hiyo ukiniuliza leo, nitakuuliza kwanza: mnatafuta nini? Kama ni kuokoa fedha, nunueni; kiwanda hununua spika kwa maelfu, nanyi mnanunua mbili. Kama ni baba na mtoto kupata kazi ya mikono, undeni, lakini fedha ziwe za ziada na kiwango kikubaliwe kabla ya msumeno kugusa ubao. Tena MDF ikatiwe nje, watoto wadogo wakiwa mbali, na mkataji afunike pua na mdomo, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Amplifaya msiifungue kabisa. Umeme wa hatari uko humo, na waweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Ukienda dukani, usibabaishwe na maelfu ya wati yaliyoandikwa kwenye katoni. Omba uwekewe wimbo unaoujua, usikilize sauti ya mwimbaji kwanza, besi baadaye. Uliza omu za spika na za amplifaya, kwani amplifaya ya omu 8 ikifungwa spika za omu 4 yaweza kuungua. Kwa za mitumba, sukuma koni polepole kwa vidole: ikikwaruza, iache. Tazama pia ukingo wake wa sponji, huoza kwa umri.

Maboksi yetu ya pili yako sebuleni na yanaimba vizuri. Yale ya kwanza nimeyatia majani makavu, na kuku wameshataga humo mara mbili.