Mchezaji Ahukumiwe kwa Kiti Chake

Haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumziwa akiba ya fedha, ilhali yafaa pia kwa akiba ya maarifa. Mtaani Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru, vijana wanaosubiri vibarua hujumuika kivulini wakicheza poka. Hii si poka ya Marekani ya kuwekeana dau, bali ni mchezo wa kumaliza karata mkononi, ambao Wakenya huuita pia 'kadi'. Wapo wanaouona kuwa uzembe mtupu. Wachezaji nao huhukumiana upesi: huyu katili, yule mwoga, yule ana bahati. Hukumu hizi zote hutolewa bila kuhesabu chochote.

Katika mchezo huu, kiti ni jambo zito. Atupaye 2 humlazimisha anayemfuata kuokota karata mbili. Atupaye 3 humwokotesha tatu. J humruka anayefuata, K hugeuza mwelekeo wa mchezo, nayo ree huzima adhabu. Je, yawezekana kuielewa tabia ya mtupaji bila kuuliza ni nani aliyeketi baada yake?

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mchezaji mmoja ametupa karata za adhabu mara 24 katika michezo 40. Wastani wake ni 0.6 kwa kila mchezo, na wastani huo hausemi mengi. Lakini michezo hiyo ikigawanywa kwa kufuata nafasi, huenda ikabainika kwamba katika michezo 20 aliyoketi kabla ya bingwa, alizitupa mara 18. Katika 20 aliyoketi kabla ya mgeni wa mchezo, mara 6 tu. Huyo si katili. Ni mtu anayeihifadhi silaha yake kwa ajili ya adui anayestahili. Wastani ulikuwa umeificha busara yake.

Wachunguzi wa poka ya Marekani hufuata njia iyo hiyo. Humhesabia mchezaji kila kiti peke yake, kwa kuwa anayeamua mwisho ameshaona uamuzi wa wenzake, naye wa kwanza anaamua gizani.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Miongoni mwa karata 52, za 2 na 3 ni 8. Mchezaji anayegawiwa karata nne ana uwezekano wa karibu nusu wa kupata angalau moja ya hizo. Basi anayeadhibu leo pengine amegawiwa tu. Michezo 20 ni haba. Kibaba bado hakijajaa.

Ni dhahiri kuwa kijana awezaye kuyapima haya ameshaingia katika uwanja wa takwimu, hata kama darasani, ambako hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, aliambiwa kuwa hesabu si fani yake. Istilahi anazozihitaji zipo: wastani, uwezekano, nafasi, mwelekeo. Kinachokosekana ni daftari na mtu wa kumwonyesha kwamba lugha anayotania nayo kivulini yatosha kufikiria nayo. Wanafunzi wa Kiswahili wasiishie kuhakiki tungo maktabani ilhali kazi hiyo inawangoja mitaani. Nao wanaowaita vijana hawa wazembe, je, wamewahi kuhesabu?