Tikisa Kiti Chako, Muache Jirani Alale

Haya, leo naomba tugombane kidogo. Ugomvi wangu ni na wenye wufa wote wa Ukunda, na wa kwanza kwenye orodha ni mimi mwenyewe.

Usiku mmoja nilikuwa naangalia filamu ya vita, wufa iko chini ya meza, sauti imepanda. Asubuhi bibi wa chumba cha pili akanisimamisha uani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, ile ngurumo ya jana ilikuwa ya nini? Mzee ametoka Msambweni juzi, ameshonwa tumbo. Kila ikipiga, anajishika."

Nina digrii ya kompyuta, lakini sikuwa na jibu.

Ningeweza kuahidi kupunguza sauti. Ndivyo tunavyoahidi sote, na baada ya wiki tunarudi palepale. Sababu ni kwamba sikio la binadamu ni zito kwa sauti nene. Sauti ya hezi 20 inahitaji karibu desibeli 80 ndipo uanze kuisikia! Kwa hiyo tunaongeza, na tunaongeza tena. Na wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi. Chumba chako cha kupanga ni futi 10 kwa 10. Unadhani wimbi hilo litakaa humo ndani? Litapita ukutani, litatikisa mabati, litaliza vyombo kabatini kwa watu.

Sasa jiulize: ile raha ya bomu likilipuka unaisikia wapi? Si sikioni. Ni kifuani na makalioni. Basi kwa nini tutikise hewa ya plot nzima ili kutikisa kiti kimoja?

Kuna kifaa cha kazi hiyo. Ni kama spika isiyo na karatasi ya mbele: koili, sumaku na kipande kizito cha chuma kinachocheza. Unakifunga kwa skrubu kwenye mbao za chini ya kochi, nacho kinatikisa kochi badala ya hewa. ButtKicker na Dayton Audio wanavitengeneza. Wati 50 zinatosha kiti kimoja. Unahitaji amplifaya ndogo, na ile chaneli ya besi (hiyo ".1" ya 5.1). Ukitumia kompyuta ya Windows, programu ya bure ya Equalizer APO itakukatia kila kilicho juu ya hezi 80, maana ukiacha sauti za watu zipite, kiti kitakuwa kinakunong'oneza mgongoni. Chini ya miguu ya kochi weka vipande vya mpira mzito, la sivyo sakafu itageuka ngoma na utakuwa hujafanya kitu. Spika za kawaida zibaki, kwa sauti ya chini.

Najua mtakachosema. Kwanza: "Huo ni udanganyifu, besi halisi inatoka kwenye wufa." Jamani! Mwaka 1974 filamu ya Earthquake ilipelekwa kwenye kumbi na mitambo ya Sensurround ili watazamaji wahisi tetemeko mwilini. Ukumbi ulikuwa wao, wakafanya walivyotaka. Wewe ukumbi wako una mlango mmoja na jirani kila upande. Na Evelyn Glennie, mpiga ngoma mashuhuri wa Scotland ambaye ni kiziwi, hupiga pekupeku ili mtetemo umfikie kupitia miguu. Nenda kamwambie anadanganywa.

Pili: "Sisi watu wa Pwani tumezaliwa na ngoma." Kweli kabisa. Lakini sengenya ya Wadigo ina siku yake, ina uwanja wake na ina mwaliko. Anayetikiswa amekuja mwenyewe, au walau anajua kuna harusi. Wufa yako ya Jumanne saa saba ya usiku imemwalika nani?

Tatu: "Hakuna sheria." Ipo. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 zimetaja kelele na mtetemo uliopita kiasi, vyote viwili. Lakini mimi sitaki tufikishane huko. Mtu akishaitiwa askari, ujirani umekwisha.

Ubaya wa kifaa hiki ni mmoja: kinamtikisa aliyekaa tu. Wageni wakizidi kochi, wengine wanakosa. Sawa, wabadilishane! Afadhali mgeni akose bomu kuliko mgonjwa alipate bila kuliomba.

Changu nimekifunga. Mzee siku hizi anakaa barazani jioni. Juzi kaniuliza, "Kijana, ile redio yako iliharibika?" Nikamwambia hapana, mzee, nimeikalia.

Naomba kutoa hoja.