Vilango vya Bakteria na Somo la Osmosisi

Mvua kubwa ya masika inaponyesha Kilwa Kivinje wakati bahari imekupwa, madimbwi yaliyosalia katika matope ya mikoko hupungua chumvi kwa ghafla. Mpita njia haoni kitu. Kwa bakteria waliomo humo, hata hivyo, hiyo ni saa ya hatari: maji hukimbilia ndani ya seli, ambamo bado mna chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka, seli ikafura, na utando wake ukavutwa hadi karibu ya kupasuka.

Shuleni, somo la osmosisi aghalabu hukomea kwenye kipande cha kiazi kilichotumbukizwa katika maji ya chumvi. Mwanafunzi hufahamu kwamba maji huingia na kutoka, kana kwamba seli ni mfuko usio na hila yoyote. Mafundisho ya namna hiyo huacha nje sehemu iliyo bora, nayo ni jinsi kiumbe kinavyojiokoa.

Katika utando wa bakteria mna protini zilizo kama vilango. Kimoja kinachofahamika sana, kiitwacho MscL, katika Escherichia coli kimeundwa kwa minyororo mitano inayofanana, kila mmoja wenye asidi za amino 136. Kwa kawaida minyororo hiyo imebanana, wala haina budi kubanana, maana kilango kikivuja daima seli hupoteza potasiamu yake na nguvu zake. Utando ukivutwa, minyororo huinama na kuachana, na katikati hufunguka tundu la upana wa nanometa 3 hivi. Ioni na molekuli ndogo ndogo humwagika nje, seli hunywea, kilango hujifunga. Mwenziwe, MscS, mwenye minyororo saba, hufunguka mapema zaidi, kwa karibu nusu ya mvuto huo.

Ni nani basi aamuruye kilango kifunguke? Hakuna. Mwaka 1994 Sergei Sukharev na wenzake, huko Wisconsin, Marekani, waliitoa protini ya MscL katika bakteria, wakaitia katika utando wa mafuta matupu, wakauvuta. Ikafunguka vile vile. Mvuto wa utando ndio amri yenyewe. Na mwaka 1999 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, walionyesha kwamba E. coli walionyimwa vilango vyote viwili hupasuka na kufa chumvi inapopungua ghafla.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, ambaye makao yake ya asili ni pale mito ikutanapo na bahari, naye anavyo vilango vya namna hii. Anayedhani kwamba mdudu aliyezoea maji ya chumvi hawezi kuishi katika maji ya kisima huenda akanywa maji yasiyochemshwa, na hilo laweza kumgharimu maisha.

Kwa hiyo yafaa mwalimu wa fizikia na wa bayolojia wakae darasa moja kwa kipindi hiki. Kifaa ni rahisi: kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, kilichotiwa mkato mdogo kwa wembe. Mpira hauna minyororo inayoinama, na mwanafunzi mwerevu atalisema hilo. Lakini ukivutwa, mkato hufunguka, na ukilegezwa, hujifunga.